Kishona Nguo Kisichoshika

“Mama Fiona, niambie ukweli wa Mungu. Huyu Baba Fiona anakupiga?”

Philister aliuliza swali hilo akiwa ameinama, kichwa nusu kikiwa ndani ya mashine ya kukausha nguo, akitafuta soksi iliyopotea. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Juni, mwaka wa 1998, katika chumba cha kufulia kilicho chini ya jengo lao la fleti kule Brooklyn Center. Nkatha alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi kwa mara ya kwanza tangu Oktoba, maana joto la Minnesota likija huja kama mgeni asiyebisha hodi. Kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kiwiko, kulikuwa na alama nne za zambarau zilizopangana upande wa nje, na ya tano upande wa ndani. Hata mtoto angeziona angesema ni vidole.

Nkatha akacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alicheka kwa sababu Muriuki, mume wake wa miaka kumi na sita, hakuwahi kumwinulia hata sauti, sembuse mkono. Ni mtu ambaye akimkuta buibui bafuni humbeba kwa karatasi mpaka nje, na kama ni wakati wa theluji humwacha tu abaki.

“Hapana, dada,” akamjibu. “Mimi ndivyo nilivyoumbwa. Hata meza ikinigusa napata alama.”

Philister akatoa kichwa kwenye mashine akamtazama kwa huruma. Alikuwa amefanya kazi ya kutunza wazee miaka sita, na kila mwaka huko kazini waliketishwa wakafundishwa jinsi ya kumtambua mtu anayepigwa. Waliambiwa kwamba wanawake hao husema wamegongwa na mlango, au wameteleza kwenye ngazi, au ni meza. Na wengi hucheka.

Basi Philister hakuuliza tena. Alimkunjia Nkatha mashuka yake yote, akambebea kikapu mpaka ghorofa ya pili, akamshika mkono kwa nguvu pale mlangoni akamwambia, “Mungu anaona.” Nkatha akasema amina, kwa kuwa ni neno la kweli, akaingia kupika.

Mtu asimfikirie Philister vibaya. Nkatha, Muriuki na binti yao walipofika mwaka wa 1995, wakiwa wameshinda ile bahati nasibu ya viza, walifika mwezi wa Januari na masweta ya Nairobi. Philister ndiye aliyewapelekea makoti matatu, sufuria, na gunia la unga alioununua duka la Waafrika. Alikuwa mwanamke mkubwa, wa kutoka upande wa Kakamega, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani na mikono iliyozoea kuinua wagonjwa. Na salamu yake ilijulikana katika ushirika mzima wa kanisa lao. Alikukamata kiganja kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto akakukamata juu ya kiwiko, kisha akakutikisa mpaka mifupa isalimiane yenyewe kwa yenyewe. Watu walisema ukisalimiwa na Mama Philister, hiyo wiki huhitaji daktari wa mgongo. Na wengine walikuwa wameanza kumwiga, maana upendo nao huambukiza.

Kuhusu alama, Nkatha alikuwa amesema ukweli. Alizaliwa Meru, upande wa Nkubu, juu kule kwenye majani chai. Tangu utotoni alikuwa mtoto wa kutoka damu. Jino la utoto liking'oka, mama yake alikesha. Pua ikianza, beseni ililetwa. Nyanya yake alikuwa akizunguka pembe za jikoni akikusanya utando wa buibui, anauviringa na kuubandika kwenye kidonda, na wakati mwingine ulisaidia na wakati mwingine wapi. Walimpa jina la mtoto wa yai. Shuleni mwalimu mgeni alipotaka kumchapa kiboko, mwalimu wa zamani alimwambia aache, la sivyo ataitwa kwa chifu. Watoto wengine walimwonea wivu kwa hilo. Hawakujua kwamba yeye mwenyewe angefurahi kuchapwa kama wengine, halafu mambo yaishe.

Alisoma mpaka darasa la saba. Akaolewa na Muriuki aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Alipomzaa Fiona kwenye hospitali ya misheni, damu ilikataa kusimama. Muriuki alikimbia kiwandani, akarudi na wanaume wanane kwenye lori la majani, bado wana vumbi la chai kwenye nyusi, wote wakanyosha mikono wakatolewa damu. Nkatha akapona. Daktari akasema asijaribu tena kuzaa. Baada ya mwaka wajomba wa Muriuki walikuja wakakaa, wakanywa chai, wakazunguka mlima na bonde, mwishowe wakamwambia mwanamume hawezi kuwa na mtoto mmoja, tena wa kike, aongeze mke. Muriuki aliwasikiliza kwa adabu. Kisha akawaambia alimwoa Nkatha, hakuoa watoto. Hawakurudi kwa mambo hayo.

Huyo ndiye mtu ambaye sasa, kule Brooklyn Center, watu walianza kumwangalia mikono.

Philister hakusengenya. Aliomba. Wanawake wa ushirika walikuwa na maombi ya simu kila Jumanne asubuhi, mmoja akimpigia mwenzake, na huyo akimpigia mwingine, mpaka wote wawe wamepata mahitaji ya wiki. Jumanne ile Philister alimwambia Alice kwamba wamkumbuke dada mmoja ambaye mkono wake unasema yale mdomo wake unaficha. Hakutaja jina. Alice alipompigia Margaret, alisema ni dada wa jengo la Philister. Margaret alipompigia mke wa mwenyekiti, ombi lilikuwa limeshapata jina, na mume, na idadi ya miaka. Kufikia Alhamisi watu thelathini walikuwa wanamwombea Nkatha aepushwe na shida asiyokuwa nayo.

Na Muriuki alikuwa asimikwe kuwa mzee wa kanisa mwezi wa Agosti. Ushirika wao ulikuwa mdogo, ukikodi ukumbi wa kanisa la Wazungu kila Jumapili alasiri, lakini kwa Muriuki uzee ule haukuwa jambo dogo. Nyumbani alikuwa mwekahazina wa kanisa la matope lililojengwa na baba yake. Hapa Amerika alikuwa mtu wa kuendesha gari la kubeba wazee kuwapeleka kliniki, mtu anayeitwa kwa jina la kwanza na vijana. Kanisani tu ndiko alikoitwa ndugu Muriuki, na watu wakanyamaza akiongea.

Mwenyekiti, Mzee Harrison, alimvuta kando kwenye uegesho wa magari baada ya ibada. Alikuwa mtu mpole, mhasibu aliyestaafu, asiyependa mambo yenye kelele. Akamwambia lile jambo la Agosti lisubiri kidogo, mpaka upepo utulie. Muriuki akauliza upepo gani. Mzee Harrison akatazama viatu vyake. Akasema mzee wa kanisa hatakiwi kuwa mtu wa ngumi, na kuna maneno. Akamwambia yale maneno.

Muriuki alirudi nyumbani, akaning'iniza funguo, akaenda kunawa mikono. Nkatha alisikia maji yakimwagika muda mrefu. Alipomuuliza alimweleza yote kwa sentensi tatu, bila hasira, kisha akasema amechoka. Fiona, ambaye alikuwa na miaka kumi na minne na husikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, alitoka chumbani mwake akasema kwa Kiingereza chake kwamba hao watu wana wazimu, na yeye atawaambia. Baba yake akamwambia hataambia mtu chochote.

Kuanzia siku hiyo Muriuki aliacha kumshika mkewe mkono.

Mtu wa nje asingeona. Lakini Muriuki alikuwa na namna yake. Tangu wakiwa wachumba alijua kwamba Nkatha hashikwi. Kwa hiyo alitandaza kiganja chake wazi, kama sahani, naye Nkatha akaweka cha kwake juu. Hivyo ndivyo alivyomshusha kwenye basi, alivyomvusha kwenye barafu, alivyokaa naye kanisani wakati wa sala. Sasa mikono yake ilikaa mifukoni, hata Julai, jasho likimtiririka. Kwenye ngazi za basi alitangulia akasimama kando. Kanisani alihamia kiti cha nyuma karibu na mlango. Nkatha alikuwa amezoea maumivu ya aina nyingi, lakini hili hakujua ajifunge kitambaa wapi.

Alimwomba Mungu afungue njia. Njia ikafunguliwa na jino.

Gego la nyuma lilioza, akaenda kung'olewa na daktari wa meno, akiwa amemweleza mapema kwamba yeye hutoka damu. Daktari akasema kila mtu hutoka damu. Damu ile ilianza Jumanne saa nne asubuhi, na Jumatano mchana bado ilikuwa inatiririka. Walimpeleka hospitali, damu ikazuiwa kwa dawa na pamba, na wiki iliyofuata wakampeleka kwa daktari wa damu, mwanamke mwembamba wa Kizungu mwenye nywele nyeupe. Jambo la kwanza alilofanya huyo daktari ni kumwomba Muriuki atoke nje. Kisha akamuuliza Nkatha polepole kama yuko salama nyumbani kwake.

Kwa mara ya pili, swali lile lile. Safari hii Nkatha hakucheka. Machozi yalimtoka, na Kiingereza chote cha darasa la saba kikakimbia. Daktari akachukua simu akamwita mtu ajuaye Kiswahili kutoka maabara ya juu.

Akaja msichana mrefu mwenye koti jeupe na kalamu nywelini. Jina lake Haika, Mchaga wa Moshi, mwanafunzi wa chuo kikuu, anafanya kazi maabara ile huku akisomea shahada ya pili. Alipoingia tu alisema, “Shikamoo, mama.”

Kwao Nkatha, Meru, neno hilo husikika redioni. Alitafuta jibu lake kama mtu anayetafuta miwani, akalipata: “Marahaba, mwanangu.” Na hapo ndipo moyo wake ulipotulia. Akaeleza yote: damu ya kumzaa Fiona, alama, swali la chumba cha kufulia, maombi ya simu, mikono iliyo mifukoni. Haika akayageuza kuwa Kiingereza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, kama Haika alivyotafsiri, kwamba damu haisemi uongo, tuiulize yenyewe.

Kwanza walimuuliza kama amekunywa aspirini au dawa yoyote ya kichwa siku kumi zilizopita. Alisema hapana, nyanya yake alimkataza vidonge tangu zamani bila kujua sababu. Wakamfunga mkanda wa kupima presha, wakamkata kidogo mkononi kwa kifaa kidogo chenye umbo la sanduku, mkato usiozidi ukucha wa mtoto. Haika akashika saa na karatasi nyeupe ya kunyonya, na kila nusu dakika akaigusisha pembeni mwa tone bila kugusa kidonda. Mtu wa kawaida, alimwambia, hukauka dakika ya saba au ya nane. Ya kumi ikapita. Ya kumi na tano. Kufika ya ishirini karatasi ilikuwa na duara la madoa mekundu kuzunguka ukingo wote, wakaacha, wakamfunga.

Kisha wakatoa damu kwenye mirija ya plastiki. Nkatha akauliza mbona haiwekwi kwenye friji, maana kwao misheni damu ilikaa barafuni. Haika akasema hizi anazozitafuta hazitaki baridi. Zikipata baridi hujikunja, zikatoa miiba, zikaharibika.

“Kama sisi Januari,” akasema Nkatha, na Haika akacheka sana.

Mirija ilizungushwa kwenye mashine mpaka damu nyekundu ikakaa chini, na juu yake yakabaki maji ya manjano yenye ukungu, kama maji yaliyooshea mchele. Ukungu ule, alieleza Haika, ndio chembe sahani. Kila tone lina mamilioni yake. Kazi yao ni kukaa kimya ndani ya mshipa mpaka mshipa upasuke, ndipo zikimbilie pale na kushikana ziwe kizibo.

Haika akamimina yale maji kwenye chombo ambacho mwanga hupita ndani yake, na kalamu huchora mstari kwenye karatasi. Ukitia dawa ya kuziamsha, chembe za mtu asiye na ugonjwa hushikana, zikawa mabonge, ukungu ukaondoka, mwanga ukapita, na kalamu ikapanda kwenye karatasi. Haika alijaribu kwanza damu yake mwenyewe, ili Nkatha aone. Kalamu ikapanda kama njia ya kwenda Kibosho, kule kwao mlimani. Halafu akaweka ya Nkatha. Akatia dawa ya kwanza. Kalamu ikatembea sawasawa, mstari umelala. Akatia ya pili. Mstari umelala. Ya tatu, vivyo hivyo. Alipotia ya nne, kalamu ikapanda.

“Hiyo nzuri?” Nkatha akauliza.

“Hiyo inaniambia jambo, mama,” akasema Haika. Akavuta kiti. “Kwenu Meru kuna kishona nguo?”

Nani amelima shamba la Meru asijue kishona nguo? Ni magugu yale yenye mbegu nyeusi nyembamba. Ukipita kati yake unatoka umeshonwa toka pindo hadi kiunoni, na jioni mnakaa mkizitoa moja moja. Nkatha akasema kiko, na kilimtesa.

“Basi chembe sahani ni kama zile mbegu,” Haika akaendelea. “Kwenye ngozi yake ya nje, kila chembe ina kulabu nyingi. Kulabu hizo ni protini. Zikiwa zimetulia zimekunjwa, hazishiki kitu. Chembe ikipata habari ya jeraha, kulabu zinakunjuka. Kuna uzi unaoelea kwenye damu, nao ni protini. Kulabu ya chembe hii inakamata ncha moja ya uzi, ya chembe ile inakamata ncha nyingine. Zinakuwa zimeshikana, na zile zinawashika wenzao, mpaka tundu limezibwa. Sasa chembe zako wewe, mama, zinafika kwenye jeraha. Zina kulabu ya aina nyingine ya kujibandika ukutani, ndiyo ile iliyojibu dawa ya nne. Lakini za kushikana zenyewe kwa zenyewe ni chache mno. Zinafika pale, zinatazamana.”

Nkatha aliwaza ukumbi wao wa Jumapili. Watu wamefika wote, wamejibandika kwenye viti, na huku mumewe yuko mlangoni na mikono mifukoni.

Haika akamwambia zaidi: kila kulabu ni protini mbili pacha. Zinatengenezwa ndani ya chembe, na lazima zikutane humo ndani kwanza. Moja ikiwa na kasoro, na mwenzake hatoki, wanabaki ndani wote wawili. Nkatha akasema ni kama wale wanafunzi wa kwenye Injili waliotumwa wawili wawili. Haika akafikiri, akasema ndiyo, ni kama wale. Kasoro yake aliipata nusu kwa baba na nusu kwa mama, na wao wenyewe walikuwa wazima bila kujua wamebeba nini. Fiona naye kabeba nusu moja na haitamdhuru. Dawa ya kuziotesha kulabu haipo. Akitaka kupasuliwa atapewa chembe za watu wengine, kama wale wanaume wanane wa lori walivyompa bila kujua. Tena, akasema, siku hizi kuna wagonjwa wa moyo wanaopewa dawa ya kuzifunga kulabu hizo makusudi, mshipa usizibe, na madaktari walipata akili hiyo kwa kuchunguza watu kama yeye.

“Kwa hiyo ubovu wangu umemsaidia mtu?”

“Wengi, mama.”

Hilo alilibeba moyoni. Daktari naye akampa daftari dogo, akamwambia kwa wiki tatu aandike kila alama inapotokea, siku gani na mahali gani mwilini.

Aliporudi katikati ya Agosti, Haika alifungua daftari wakalisoma pamoja. Alama za mapajani zilikuja siku yoyote. Zile ni za mikokoteni ya mashuka huko kazini kwake Roseville, alikokuwa akikunja nguo za nyumba ya wazee. Lakini zile tano za juu ya kiwiko zilionekana Jumapili jioni, au Jumatatu. Kila wiki. Mkono wa kulia.

Haika akauliza Jumapili kuna nini. Nkatha akasema Jumapili huenda kanisani tu. Na huko kanisani? Huko wanaimba, wanaomba, wanasalimiana.

“Mnasalimianaje?”

Nkatha akasimama amwonyeshe. Akamkamata Haika kiganja kwa mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akamshika juu ya kiwiko, vidole vinne nje na gumba ndani, kama Philister afanyavyo. Akaangalia pale vidole vyake vilipolala kwenye mkono wa yule msichana. Akaviondoa kimoja kimoja, akakaa.

Kwenye basi la kurudi alikuwa na karatasi mbili mkobani, ule mstari uliopanda na ule uliolala, na moyo wake haukuwa na furaha ambayo mtu angedhani. Kumsafisha Muriuki ilikuwa rahisi sasa. Angesimama tu aseme. Lakini angesema ni mkono wa nani? Wa yule aliyemvika koti? Akikaa kimya mume wake anaoza mlangoni. Akisema, anamwaibisha dada yake mbele ya watu. Alishuka kituo kimoja kabla ya chake ili atembee. Akakumbuka walivyofundishwa tangu ushirika wa nyumbani, kwamba ukiwa na neno na ndugu yako, unaenda kwake kwanza, wewe na yeye tu.

Jumamosi alimkuta Philister chumba cha kufulia, mashine zikinguruma. Philister alipomwona akanyosha mikono yote miwili kama kawaida. Nkatha akarudi nyuma hatua moja, akamwekea zile karatasi juu ya mashine. Akamweleza polepole, kulabu na uzi na kishona nguo, yote kama alivyoelezwa. Kwao Kakamega pia kipo. Philister alisikiliza akiwa ameshika shati lililolowa, maji yakimdondokea miguuni. Alisema tu kwamba Mungu ni fundi, na kwamba basi Baba Fiona ameonewa. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, alama zile za vidole basi ni za nani.

Nkatha alikunja mkono wa blauzi.

Philister alitazama. Akaweka shati chini. Akaleta mkono wake wa kushoto, bila kugusa, akautandaza juu ya zile alama, kidole juu ya kidole, na gumba likapata mahali pake. Mashine moja ikamaliza ikanyamaza.

“Kumbe ni mimi nakuchapa kila Jumapili,” akasema. “Halafu nikienda nyumbani nakuombea.”

Nkatha akashindwa kujizuia, akacheka, na Philister akacheka huku analia, wakaketi juu ya vikapu vya nguo. Nkatha akamwambia hakuna haja ya jina lake kutajwa; atasema ni ugonjwa, inatosha. Philister akapangusa uso kwa soksi. Akasema hapana, ombi lilitoka mdomoni mwake likafika kwa watu thelathini, na atalifuata nyumba kwa nyumba mpaka alirudishe lote. Jioni ile ile alipanda gari akaenda kwa Mzee Harrison, na alipotoka hapo akaenda kwa Margaret na kwa Alice.

Siku iliyofuata, baada ya nyimbo, Mzee Harrison alisimama mbele. Alisema kwa maneno machache kwamba wazee walimhukumu ndugu bila kumuuliza, na kosa ni lao. Alisema jambo lililosubirishwa litafanyika Jumapili ijayo. Kisha akatembea katikati ya viti mpaka kule mlangoni. Muriuki akasimama. Mzee Harrison akamnyoshea mkono na kukaa ameunyosha, muda mrefu kidogo, mpaka Muriuki alipoutoa wa kwake mfukoni.

Philister naye akasimama akasema yake, kwa sauti yake ile ile, na watu walicheka mahali pa kucheka na wakainama mahali pa kuinama.

Ndipo Mzee Harrison akamwita Nkatha mbele, akauliza ushirika umfanyie nini. Alikuwa tayari kutangaza mchango, au mfungo wa siku tatu. Mtu fulani alikuwa ameshatoa kalamu. Nkatha alisimama akiwa na blauzi yake ya mikono mifupi, hakujifunika. Aliwaangalia wote, akamtafuta Muriuki, akamwona anakuja mbele, anatembea pembeni ya ukuta, mkono mmoja uko nje, kiganja kimeanza kufunguka.

“Ninaomba jambo moja,” akasema. “Msiache kunisalimia kwa kuniogopa. Nisalimieni wote. Ila mtu asinikamate mkono. Atandaze kiganja chake wazi, kama afanyavyo Baba Fiona, na mimi nitaweka changu juu.”